Kabla ya hundi ya kadibodi: barua ya wazi kwa matajiri Wakristo wa Uganda

Kwa wenye viwanda, maduka ya jumla, shule na mahoteli mnaomkiri Kristo hadharani;
kwa maaskofu, mapadri na wachungaji mnaopokea hundi zao;
na kwa waheshimiwa wabunge mnaokaa viti vya mbele siku za harambee.

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni karani mstaafu wa mishahara. Nimeishi Walukuba, Jinja, tangu nikiwa msichana, na kwa miaka 19 nilikaa nyuma ya dirisha dogo la wavu nikihesabu pesa za watu wengine. Kiwandani waliniita Mama Mishahara. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyotumia pale. Msoga, Mteso, Mlugbara, Mganda, Mjaluo wa upande wa Busia, wote walidai pesa zao kwa Kiswahili, na walipotukana walitukana kwa Kiswahili hicho hicho.

Jumapili moja kanisani kwetu kulikuwa na harambee ya paa jipya. Mnazijua harambee zetu. Mwenyekiti wa kamati alimwita mbele mgeni rasmi, mwenye kiwanda, na nyuma yake vijana wawili wakaja wamebeba hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, imeandikwa shilingi milioni 50. Kwaya ikasimama. Mchungaji akainua mikono. Mheshimiwa mmoja, ambaye mwaka wa nyuma alituahidi mabati 100 na mpaka leo tunayasubiri, alipiga makofi kuliko watu wote.

Pembeni yangu alikaa mama aliyefanya kazi ya kufunga bidhaa kwenye katoni katika kiwanda hicho kwa miaka 11. Hakupiga makofi. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Mishahara, yangu iko wapi humo?"

Hakuwa anafanya mzaha. Mwaka 2022 sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilibadilishwa, na tangu hapo mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaruhusiwa kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Yule mama alikuwa ametimiza yote mawili, au alidhani hivyo. Alitaka kuezeka nyumba yake ya vyumba viwili kule Bugembe. Alipokwenda kuomba taarifa ya akiba yake, alikuta miaka 11 ya jasho imeandikwa kama miaka minne na miezi kidogo. Lakini zile karatasi za mshahara anazo, amezitunza kwenye kopo la Krismasi la biskuti, na kila moja inaonyesha kuwa asilimia 5 ilikatwa. Mwandiko ni wangu.

Kiwanda sikitaji, wala kanisa. Anayehusika atajijua, na wengine wengi watajiona humu bila kutajwa.

Niwaeleze jinsi inavyofanyika, kwa sababu najua baadhi yenu hamjawahi kukaa kwenye kile kiti, mnaletewa tu karatasi ya mwisho mtie sahihi. Mfanyakazi wa shilingi 200,000 kwa mwezi hukatwa 10,000. Kampuni inatakiwa kuongeza 20,000 yake, jumla 30,000, na pesa hizo ziwe zimefika kwenye Mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Kwetu ile 10,000 ilikatwa bila kukosa hata mwezi mmoja. Kilichofuata kilitegemea hali ya Mzee. (Hatukumwita bosi, tulimwita Mzee, naye alilipenda hilo jina.) Kama kuna kontena limekwama Mombasa, NSSF itasubiri. Kama mashine mpya imefika, NSSF itasubiri. "Mama, tutaziba mwezi ujao," aliniambia, na nina hakika kila mara alimaanisha hivyo. Mwezi ujao ulikuja na kontena lake.

Na hao walikuwa ndio wenye bahati, walioandikwa. Vibarua walikuwa na daftari lao, la kurasa 96, jalada la bluu. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi na haki zote zinazoambatana nao. Basi kila ukikaribia mwisho wa mwezi wa tatu, nyapara alileta orodha, nami nikafunga majina kwa mstari mwekundu. Kesho yake asubuhi nilifungua ukurasa mpya, nikaandika watu wale wale kama wageni. Aliyeanza na jina la ubatizo sasa alianza na jina la ukoo. Miezi mitatu ikipita, tunageuza tena. Kuna kijana aliyeajiriwa mara 14 bila kutoka mlangoni.

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya mashine kuwashwa, tulisimama uani kwa ibada. Mara nyingi Mzee mwenyewe ndiye aliyehubiri, na nasema hili bila kejeli, alihubiri vizuri. Alipozungumzia yatima alilia machozi ya kweli. Alisomesha watoto 12 wa kijijini kwao, najua kwa sababu nilikuwa naandika hundi za karo zao. Alipojifungua mke wa mlinzi na mambo yakaharibika, Mzee alimpeleka hospitali kwa gari lake usiku wa manane, akalipa kila kitu.

Huyu si mtu mbaya, na laiti angekuwa mbaya nisingepoteza wino. Ningewaachia polisi.

Tatizo ni kwamba aliyafanya mambo hayo mawili kwa mikono miwili isiyojuana. Mkono wa sadaka ulikuwa wa Bwana, mkono wa mishahara ulikuwa wa biashara. Na ule wa sadaka ulijazwa, kwa sehemu, kwa kile ambacho ule mwingine ulishikilia. Nimewahi kukaa na kikokotoo usiku mmoja nikajumlisha yale yaliyokatwa bila kupelekwa katika miaka yangu ya mwisho. Sitaandika jumla hapa. Nasema tu kwamba paa lile lingelipwa likabaki na chenji.

Ndugu zangu mnaojiita walokole, hili jambo lina historia kwetu, nasi tunaisahau kwa makusudi. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, ukasambaa hadi Kenya na Tanganyika, haukuanza kwenye viwanja vyenye spika. Mwezi Septemba 1929 Simeoni Nsibambi, mwenye ardhi na mtumishi wa idara ya afya, alikutana na daktari Joe Church Kampala, wakakaa kusoma na kuomba pamoja. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akabaki akihubiri. Katika miaka ya 1930 moto ule ulipowaka Gahini, Rwanda, na kuvuka mpaka, jambo lililowashangaza majirani halikuwa nyimbo. Ni kwamba watu walirudisha. Aliyeiba alirudisha alichoiba, mwenye deni alilipa, na alikiri mbele za watu kwamba alikuwa mwizi. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani mlokole alitambuliwa kwa mzigo aliobeba kichwani akienda kuurudisha kwa mwenyewe. Leo tunamtambua kwa stika ya gari.

Na Zakayo, ambaye kila mmoja wenu ameshahubiriwa habari zake siku ya harambee. Wahubiri hupenda nusu ya kwanza, ile ya kuwapa maskini nusu ya mali. Nusu ya pili huwa inamezwa, ile ya kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Yakobo naye aliandika wazi juu ya ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila, kwamba unapiga kelele. Haukunyamaza kwa kuwa tajiri alichangia paa.

Tangu nistaafu nasoma sana, mwanangu aliyesomea historia ananiletea vitabu, na nimegundua kuwa Mzee wetu si wa kwanza. Mnapenda kusikia habari za matajiri Wakristo wa Uingereza waliobadilisha nchi yao, na wahubiri wa semina za biashara huwataja mno. Basi tuwataje wazima wazima.

Familia ya Cadbury walikuwa watu wa dhehebu la Marafiki, lile lile lenye makanisa mengi kwa jirani zetu wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1879 walihamisha kiwanda chao cha chokoleti kutoka katikati ya Birmingham kwenda mashambani, mahali walipopaita Bournville. Baadaye George Cadbury akajenga nyumba zenye bustani, na mwaka 1900 akakabidhi kijiji kile kwa amana, kisiwe tena mali yake. Ni kazi nzuri, nani atabisha? Lakini kakao yao nyingi ilitoka São Tomé, kisiwa cha Wareno, na tangu mwaka 1901 habari ziliwafikia kwamba huko watu kutoka Angola wanafanyishwa kazi kama watumwa. Walichunguza, waliandika barua, walimtuma mtu, walijadiliana na serikali. Waliendelea kununua mpaka mwaka 1909. Gazeti moja lilipowaumbua walilishtaki, na mahakama ikakubali kuwa wamekashifiwa, kisha ikawapa fidia ya farthing moja, robo ya peni ya wakati huo. Sijawahi kuona hukumu iliyosema mengi kwa sarafu ndogo namna ile. Watu waliokuwa wakitoa fedha dhidi ya utumwa walikuwa wakinywa kakao ya utumwa, na hawakuwa wanafiki. Walikuwa na kontena Mombasa.

Anayenivutia mimi ni Joseph Rowntree wa mji wa York, naye wa chokoleti, naye wa Marafiki. Alipoweka mali yake katika amana tatu mwaka 1904, aliwaandikia wasimamizi waraka. Alilalamika kwamba jiko la kugawa supu mjini kwake halikosi wafadhili hata siku moja, lakini mtu akiomba pesa za kuchunguza kwa nini watu wana njaa, mifuko inafungwa. Mwanawe Seebohm alikuwa tayari ameichunguza njaa hiyo, akipita nyumba kwa nyumba akilinganisha mapato na bei ya chakula. Mwaka 1901 alitangaza alichokuta: sababu kubwa kuliko zote ya umaskini mkali wa York haikuwa pombe wala uvivu. Ilikuwa mshahara mdogo wa watu wenye kazi. Na mwaka 1906 kiwanda chao kikawaanzishia wafanyakazi mfuko wa pensheni. Hakuna kwaya iliyosimama kwa ajili ya pensheni, nadhani. Pensheni haipigwi picha.

Supu yetu sisi ni posho, yaani unga wa mahindi, na sukari ya Krismasi. Mnajua foleni ile, gunia la kilo 10 la unga, kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, na mpiga picha. Nimesimama kwenye foleni ile nikitia alama majina. Kuna mwaka nilimwona kibarua, ambaye wiki ile ile nilimfunga kwa mstari mwekundu, akiinama kushukuru huku amelishika gunia kwa mikono miwili, na Mzee akimwekea mkono begani. Picha hiyo ilining'inia kwenye kuta za ofisi miaka mingi.

Tusiende mbali. Hapa kwetu pia Ukristo na biashara viliingia mlango mmoja. Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, ilisimama kwa michango ya waumini wa ng'ambo, na bado inatibu watu. Mwaka 1903 watu wa CMS, misheni ya Kianglikana ya Uingereza, na rafiki zao wenye mitaji walianzisha Uganda Company huko London. Familia ya Buxton walikuwa miongoni mwao, na babu yao ndiye aliyeongoza bungeni vita ya kukomesha utumwa hadi sheria ya 1833, huku yeye mwenyewe ni tajiri wa kiwanda cha bia. Kwa hiyo nia yao si ya kudharauliwa. Mmisionari fundi aitwaye Borup aligawa mbegu za pamba kwa machifu, wananchi wakalima. Wangekosaje kulima, na Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulikuwa umeweka kodi ya rupia tatu kwa kila kibanda? Hapa Busoga pamba ilikubali sana, na mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya kutoka Jinja hadi Namasagali kwa ajili yake.

Mwisho wake mnaujua. Kuchambua pamba na kuiuza kukawa mikononi mwa wachache, bei ikapangwa na serikali, na mkulima akaambiwa tu atapata ngapi. Mwaka 1945 na tena 1949 Buganda ikawaka moto, na wakulima miongoni mwa madai yao walitaka wachambue pamba yao wenyewe na waiuze wenyewe. Mbegu ilikuwa ya bure. Mzani haukuwa wao.

Ndilo ninalotaka kuwaambia nyinyi mnaopanga miradi ya kusaidia jamii. Mnapenda sana kutoa mbegu. Tuonyesheni mzani.

Waliojaribu wapo, na wengine wako karibu. Walei wa Kanisa Katoliki walipotaka kuadhimisha miaka 100 ya kanisa lao nchini, hawakujenga sanamu. Mwaka 1983 waliandikisha mfuko wa kukopesha watu wa vijijini, ambao mwaka 1993 ukawa benki kamili, ndiyo Centenary ya leo, na majimbo ya kanisa ni miongoni mwa wenye hisa. Mimi ni Mprotestanti na akaunti yangu iko humo. Daktari Ian Clarke alikuja kama mmisionari, akaanzisha hospitali ya Kiwoko kule Luweero, kwenye nchi iliyokuwa imeungua kwa vita. Baadaye akaingia biashara ya hospitali Kampala, na ndani ya hospitali hiyo hiyo ya wenye pesa kukawekwa wodi ya Hope kwa wasio nazo. Andrew Rugasira alichukua kahawa ya wakulima wa Kasese akaipeleka imeokwa na kufungwa hadi kwenye maduka ya Uingereza, akihubiri biashara badala ya misaada, na ahadi ya kugawana faida na wakulima. Biashara hiyo ilipata misukosuko yake, lakini swali lake lilikuwa sahihi, nani anabaki na nini baada ya kilo kuuzwa.

Na kwa kuwa niko Jinja siwezi kunyamaza juu ya Kakira. Mzee Muljibhai Madhvani hakuwa Mkristo. Lakini nenda ukatazame nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali ndani ya shamba lile la miwa. Sisemi Kakira ni peponi, miwa ni kazi ngumu na wakataji watakwambia. Nasema tu kwamba Mhindu alifikiria mahali kibarua atakapolala, wakati baadhi yetu tunafikiria mahali pa kuning'iniza picha.

Sasa waheshimiwa wabunge. Kima cha chini cha mshahara kilichopo Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 sarafu yenyewe ikabadilishwa na sufuri mbili zikakatwa, hesabu ya ile 6,000 ikazikwa pamoja nazo. Leo 6,000 ni nauli ya bodaboda kutoka kwangu kwenda mjini, mchana wa siku ya pili imekwisha. Mwezi Februari 2019 mlipitisha muswada mpya wa kima cha chini. Rais akakataa kuutia sahihi. Tangu hapo nimewasikia mkizungumzia mambo mengi katika harambee zetu, hilo sijalisikia tena.

Wenye viwanda mna masikio ya watu wakubwa. Kodi ya bidhaa fulani ikipanda, wiki haipiti mmeshaingia ofisi za wizara. Umeme ukipanda bei, mnaandika tamko. Kwa nini hakuna hata mara moja ambapo kundi la wafanyabiashara walokole, kati ya haya makundi mengi yanayokutana kwa kifungua kinywa hotelini na Biblia mezani, lilikwenda kumwambia Rais: Mzee, tia sahihi, sisi tutalipa? Nasikia jibu lenu tangu sasa, kwamba nikilipa zaidi, jirani yangu asiyeokoka ataniangusha sokoni kwa bei. Ni kweli, na siidharau hoja hiyo kwa sababu nimeona vitabu vya hesabu. Ndiyo maana sheria inatakiwa, ili inayombana mwema imbane na mjanja. Buxton na wenzake hawakuishia kujiepusha na utumwa wao peke yao. Walipigana bungeni miaka mingi mpaka sheria ikaukataza utumwa kwa wote. Hayo ndiyo tunayaita mageuzi. Mengine ni supu.

Lakini kuna yasiyohitaji sahihi ya Rais. NSSF tayari ni sheria, na tangu 2022 inamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja, visingizio vya "sisi ni wadogo" vimekwisha. Mkataba baada ya miezi minne tayari ni kanuni. Kalamu nyekundu inaweza kuwekwa chini Jumatatu asubuhi, baada ya ibada.

Kwenu baba zetu maaskofu, mapadri, wachungaji. Nawaheshimu, na najua paa linavuja. Nimekaa chini ya hilo paa na ndoo miguuni. Lakini mtu anapokuja kuchukua zabuni ya serikali huulizwa makaratasi. Anapokuja kwenu na milioni 50 haulizwi chochote, anapewa maikrofoni. Mwulizeni jambo moja, kwa upole, ofisini, bila kamera: hati ya NSSF inayoonyesha kuwa hadaiwi iko wapi? Kama anadaiwa, mwambieni arudi nayo, sadaka itamsubiri. Bwana alisema mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende kwanza kupatana na ndugu yake, na ndugu yake huyo mara nyingi amekaa safu ya nyuma ya kanisa hilo hilo, amevaa viatu vya kazini. Msiogope kwamba mtapoteza wafadhili. Mtapoteza wachache. Ila wale waumini wa kutoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne wataanza kuwaamini tena, nao ndio wengi.

Mjue pia kwamba sheria ya kodi ya mapato inamruhusu mfanyabiashara kuondoa michango anayotoa kwa taasisi zilizosamehewa kodi, hadi asilimia 5 ya mapato yake yanayotozwa. Sina ugomvi na hilo. Lakini kila kampuni inapotumia nafuu hiyo, kipande cha hundi ile kubwa ni chetu sote, kimetoka kwenye barabara na zahanati. Basi na jina letu liandikwe kwenye kile kibao cha marumaru, hata kama ni kwa herufi ndogo.

Nimeandika mengi juu ya Mzee na sijaandika juu yangu.

NSSF yangu ilifika. Kila mwezi, miaka yote 19, bila pengo hata moja. Karani wa mishahara anajua lipi la kusubiri na lipi la kupeleka. Mzee alipotoa pesa pungufu, mimi ndiye niliyechagua majina ya kulipiwa, na la kwangu lilikuwa la kwanza, kisha la mhasibu, kisha la nyapara. Nilijenga nyumba. Nilikuwa kwenye kwaya miaka hiyo yote, sauti ya pili. Yule mama wa Bugembe alipoinama sikioni mwangu siku ile, alikuwa anamwuliza mtu aliyekuwa anajua jibu.

Nimeshamwambia. Nilikwenda kwake siku ya Alhamisi, nikakaa kwenye mkeka, nikasema yote. Hakusema kitu kwa muda mrefu, akaendelea kupeta mchele. Kisha akaniuliza kama chai ninakunywa na sukari. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kupeleka malalamiko, yeye na kopo lake la biskuti, mimi kama shahidi. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alizipanga zile karatasi mezani kwa miaka, akauliza nani aliandika, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Madai yanafuatiliwa. Kuna wenzake sita wamekuja nyumbani tangu hapo kuuliza habari zao.

Mzee, ukisoma haya, najua umesoma mpaka hapa. Sikukusudia kukuaibisha, ndiyo maana sikukutaja, na niliyoyasema juu ya usiku ule wa mke wa mlinzi nayasema popote. Daftari la bluu ninalo. Nilitoka nalo siku niliyostaafu, ndani ya mfuko wa sukari mliyonipa ya kuagana, na hilo nalo nakiri. Nimelifunga kwa gazeti, liko kabatini juu ya vikombe. Majina yote yamo, ya mbele na yaliyogeuzwa, na nimeanza kuyaunganisha kwa penseli ili kila mtu awe mmoja. Njoo tukae tumalizie, jioni niko nyumbani. Ukifika kwenye mwembe wa bodaboda uliza Mama Mishahara, watakuonyesha mlango.

Ni mimi dada yenu katika Kristo,

Karani mstaafu wa mishahara,
Walukuba, Jinja